Mikono Iliyobaki Coupvray

Nyumbani kwetu Tanga, taa ilipozimwa, mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuendelea kusoma, naye ni mjomba wangu. Alipofuka utotoni kwa surua, akapelekwa milimani Lushoto, katika shule ya vipofu ya Irente, akarudi na ilimu ya nukta nundu na mabuku mazito ya karatasi nene, ambayo sisi watoto tuliyahofu kidogo, kwa sababu hayakuwa na wino wala picha, ila vipele vilivyotapakaa ukurasa mzima mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Alitukataza kuweka kitu juu ya mabuku yale, na kuyakunja, na kuyaacha yakapata unyevu wa masika, kwani nukta ikilala, alisema, herufi imekufa. Tulilala mkekani, yeye akikaa kitandani na buku mapajani, na katika giza totoro tuliisikia sauti yake ikitusomea hadithi, na chini ya sauti ile, ukinyamaza kabisa, mchakacho mwepesi wa vidole juu ya karatasi. Usiku mmoja nilimwuliza ni nani aliyebuni maandishi yale.

"Mtoto wa shule, mwanangu," alinijibu. "Mfaransa. Alikuwa na miaka kumi na mitano."

Sikumsadiki. Katika akili yangu elimu ilitoka kwa wazee ikawashukia watoto, kama maji yashukavyo kutoka Usambara kuja baharini, wala sikupata kusikia kwamba yaweza kupanda.

Miaka mingi baadaye, mjomba akiwa amekwisha kuitika wito wa Mola wake, safari ya kazi ilinifikisha Paris, nami sikutaka kuondoka katika mji ule pasi na kumzuru Louis Braille, yule mtoto wa shule, ambaye jina lake nilijifunza kulitamka kabla ya jina la mfalme yeyote wa Ulaya. Nilianza na Panthéon, jengo la kuba kubwa lililo juu ya kilima cha Sainte-Geneviève, ambamo taifa la Ufaransa huwazika wale linaowahesabu kuwa wakuu wake. Nilishuka katika vyumba vya chini, vyenye mawe na baridi, nikasimama mahali alipolazwa, nikakumbuka habari ambayo mjomba alipenda kuirudia: kwamba mwaka 1952, miaka mia baada ya kufa kwake, mifupa ya Braille ilipohamishwa kutoka kijijini kwao na kuletwa hapa kwa taadhima kubwa, mikono yake haikuletwa. Iliachwa Coupvray, alikozaliwa. Basi nikaona kwamba ziara yangu bado haijaanza.

Asubuhi ya pili, mwezi wa Oktoba, nilipanda gari la moshi katika stesheni ya Gare de l'Est, nalo likatuchukua upande wa mashariki, likiandamana na mto Marne, ambao mara ulionekana na mara ukajificha nyuma ya miti iliyoanza kugeuka manjano. Nilishuka Esbly, mji mdogo ulio kando ya reli, nikavuka mfereji wa maji ambao mashua za mizigo zilipita zamani, nikaikabili njia ya kwenda Coupvray kwa miguu. Kutoka Paris mpaka hapo hapazidi kilomita arobaini. Upande wa pili wa kilima imejengwa Disneyland, na watoto wa Ulaya nzima huletwa huko na wazee wao kwa maelfu. Nikatamani kwa moyo safi kwamba watoto wale, wakiisha kucheza, wavushwe kilima na kuonyeshwa nyumba ya akina Braille, wajue mtoto mwenzao alifanya nini.

Nyumba ni ya mawe, ya watu waliokuwa na riziki ya kutosha bila ya utajiri. Chini mna chumba kikubwa chenye meko na tanuri ya kuokea mkate, na katika chumba hicho familia ilipika, ikala na kulala. Hapa alizaliwa Louis tarehe 4 Januari 1809, kitinda mimba wa Simon-René Braille na mkewe Monique, akiwakuta kaka yake na dada zake wawili wamekwisha kupevuka, hivyo alilelewa kama alelewavyo mtoto wa uzeeni, kwa huba iliyozidi kipimo. Kisha unaingia karakana. Simon-René alikuwa fundi wa seruji, lijamu na hatamu, na katika zama ambazo shamba, posta na jeshi vyote vilitegemea farasi, fundi wa namna hiyo hakukosa kazi wala heshima. Meza yake ipo, na juu yake zana za ngozi: nyundo, koleo, kisu kilichopindwa mfano wa mwezi mwandamo, na maharazi, kile chuma chembamba chenye ncha kali ambacho fundi hutobolea ngozi kabla ya kupitisha uzi.

Louis alikuwa na miaka mitatu. Aliingia karakana peke yake, akachukua chombo chenye ncha, akataka kutoboa ngozi kama alivyomwona babake, mkono ukateleza, chuma kikaingia jichoni. Jeraha lilioza, uchafu ukavuka kwenda jicho la pili, na kabla hajatimiza miaka mitano alikuwa haoni kitu. Mwanamke aliyetutembeza nyumbani, mpole wa sauti, alituambia kwamba chuma kilichompofusha Louis ni ndugu wa kile chuma ambacho vipofu huandikia leo, na wageni wenzangu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Nimelisoma wazo hilo mara nyingi, na wanaolisema wana nia njema, lakini mimi siwezi kuona hekima katika ajali ile. Mtoto aliumia, na wazazi wake walilia. Ikiwa karakana ile ina siri ya kutufundisha, naamini siri hiyo imo katika nyundo zaidi ya kuwamo katika maharazi.

Kwani inasimuliwa kwamba Simon-René, alipoona kuwa mwanawe hatapata kuona tena, alitwaa ubao na misumari yenye vichwa vya mviringo, akaigongomea kwa kuipanga katika umbo la herufi, moja moja, kisha akakishika kidole cha Louis na kukipitisha juu ya misumari mpaka mtoto akazijua. Alimchongea fimbo ya kutafutia njia. Alimpa kazi ndogo ndogo za karakana, kama kutengeneza vishada vya kupambia hatamu, ili mikono yake isikae bure. Zingatia zama zenyewe: kipofu wa kijijini wakati ule alingojewa na kuombaomba barabarani, na aghalabu jamaa zake walimficha. Fundi huyu wa ngozi, ambaye hakuwa mwalimu wala mwanachuoni, alifanya jambo ambalo wanavyuoni wa Paris walikuwa bado hawajalitia maanani sawasawa, nalo ni kukiuliza kidole cha mtoto kinataka nini.

Vita navyo vilipita mlangoni mwao. Napoleon aliposhindwa mwaka 1814 majeshi ya kigeni yalikikalia kijiji, na kwa muda wa miaka miwili familia ya Braille, kama familia nyingine, ililazimika kuwalaza na kuwalisha askari wa lugha mbalimbali. Mtoto kipofu alikua katika nyumba iliyojaa nyayo na sauti za watu asiowajua.

Amani iliporejea, akaja kijijini padri mpya, Jacques Palluy, ambaye alimchukua Louis nyumbani kwake na kumfundisha kwa mdomo, habari za dini na za ulimwengu, za ndege na maua. Kisha padri yuleyule akamwendea mwalimu wa kijiji, Antoine Bécheret, akamwomba ampokee mtoto kipofu katika darasa la watoto waonao. Mwalimu alikubali. Louis alikaa, akasikiliza, akahifadhi, na mara akawapita wenziwe katika kila kilichoweza kufundishwa kwa sikio. Sisi watu wa pwani, tuliokwenda chuoni na kuwaona wenzetu wakiihifadhi Kurani yote kwa sikio na ulimi, hatuna haja ya kuelezwa kwamba kuhifadhi ni ilimu kamili. Lakini kila wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu. Na mtoto aliyekwisha kugusa herufi katika misumari ya babake alijua vyema ni kitu gani amenyimwa. Basi padri akaupeleka mkasa wake kwa bwana mkubwa wa mahali pale, marikizi wa Orvilliers, naye akaandika barua, na nafasi ikapatikana katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Vipofu huko Paris. Tarehe 15 Februari 1819 Simon-René alipanda na mwanawe gari la farasi. Louis alikuwa na miaka kumi.

Jana yake, nilipotoka Panthéon, nilikuwa nimeteremka kilima kwa dakika chache nikafika njia ya Saint-Victor, ilikokuwa shule ile. Jengo lenyewe halipo tena. Lilikuwa seminari ya zamani, lililogeuzwa gereza wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na wote walioliandika wanakubaliana juu ya giza lake, ngazi zake nyembamba na unyevu wake uliopenya mpaka mifupani. Katika nyumba hiyo watoto wa mafukara walisoma, wakaimba, wakafuma na kusuka, na Louis akapata humo mambo mawili: maarifa yote aliyoyatamani, na maradhi ya kifua ambayo naamini mbegu yake ilipandwa na kuta zile. Nilipotazama juu kutoka njiani niliiona kuba ya Panthéon, nikaona jinsi mifupa yake ilivyorudishwa karibu mno na shule iliyomtia baridi.

Shule hiyo aliianzisha Valentin Haüy mwaka 1785, naye anastahili kutajwa kwa heshima. Mwaka 1771, katika tamasha moja mjini Paris, Haüy aliwaona vipofu wamevishwa miwani ya makaratasi na kuwekwa mbele ya watu kupiga vyombo vya muziki, ili wachekwe. Akaghadhibika, akaapa kuwafanya wasome. Njia aliyoibuni ni ya kuchapa herufi za kawaida za Kifaransa juu ya karatasi nene iliyoloweshwa, mpaka zikainuka na kushikika kwa kidole. Mbele yake hapakuwa na shule yoyote ya namna ile Ulaya, na mlango alioufungua haukufungwa tena.

Hata hivyo, katika nyumba ya Coupvray niliwekewa mfano wa maandishi hayo, nami nikafumba macho na kujaribu. Nilipapasa mstari wa kwanza muda mrefu. Nikadhani nimeshika O, kumbe ni C. Nikadhani ni C tena, kumbe ni G. Umbo la herufi limechorwa na macho kwa ajili ya macho, na jicho hulimeza lote kwa mara moja, hali kidole hulizunguka polepole kama mtu apapasaye ukuta wa nyumba ngeni akitafuta mlango. Fauka ya hayo, herufi zilipaswa kuwa kubwa, vitabu vikawa vizito hata mtoto hawezi kuvibeba, na shule yote ikawa na vichache. Kubwa kuliko yote, kipofu hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Aliweza kupokea maneno ya watu kwa taabu, lakini yeye mwenyewe hakuweza kuandika barua kwa mamake.

Mwaka 1821 alifika shuleni Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa mizinga, akileta maandishi aliyoyabuni kwa nukta zilizotobolewa katika karatasi, yanayoweza kusomwa gizani bila ya taa. Vijana waliyagusa, wakapigwa na bumbuwazi. Nukta ni kitu ambacho kidole hukitambua papo hapo. Haina pembe wala mkia wa kupapasa. Na Barbier alileta pamoja nayo ubao wa mistari na kalamu ya chuma, hata mtu asiyeona akaweza kujiandikia. Fadhila hiyo isisahauliwe, maana wasimuliaji wengine humdogosha Barbier ili Braille apate kukua.

Lakini mfumo wake ulikuwa na dosari, na aliyeziona dosari hizo ni mwanafunzi wa miaka kumi na miwili. Alama moja ya Barbier iliweza kufika nukta kumi na mbili, safu mbili za sita sita, nayo ikawa ndefu kupita ncha ya kidole, hata msomaji akalazimika kupanda na kushuka ndani ya alama moja kabla ya kuijua. Tena mfumo uliandika sauti bila ya kufuata tahajia, haukuwa na vituo wala tarakimu, na muziki, ambao ndio uliokuwa riziki ya vipofu wengi wa shule ile, haukuwa na mahali. Barbier aliwahurumia vipofu kwa dhati, ila hakudhani kwamba watataka kuandika kama waandikavyo wanavyuoni. Louis alitaka yote.

Miaka mitatu alifanya kazi hiyo, usiku katika bweni wenziwe wakilala, na wakati wa likizo huku Coupvray, ambako inasimuliwa kwamba wanakijiji walimwona ameketi mtelemkoni juani, ubao mapajani, akitoboa karatasi na kuipapasa. Na ifikapo mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano kama alivyosema mjomba, jambo lilikuwa limekamilika katika misingi yake: nukta sita tu, tatu upande huu na tatu upande ule, zinazoenea chini ya ncha ya kidole bila ya kukisogeza. Katika nukta sita hutoka alama sitini na tatu, zatosha herufi, vituo, tarakimu na nota za muziki. Nazo zimepangwa kwa nidhamu: herufi kumi za mwanzo hukaa katika nukta nne za juu; ukiziongeza nukta ya chini kushoto hupata kumi zifuatazo; ukiongeza na ya chini kulia, zilizobaki. Hivyo A huzaa K, na K huzaa U.

Herufi moja iko nje ya nidhamu hiyo, nayo ni W, kwa sababu Wafaransa wa wakati ule hawakuihesabu katika alfabeti yao, ikaongezwa baadaye kwa haja ya lugha za wengine. Mjomba alilipenda sana jambo hili. Alisema kwamba Mfaransa yule alijenga nyumba bila ya kutujua sisi, na bado tulipofika tukakuta pana nafasi ya kuweka mkeka. Maana Kiswahili bila ya W hakiandikiki, hata hilo neno "mwanangu" aliloniita.

Na jambo jingine alilolipenda ni hili, kwamba kipofu atumiapo ubao na kalamu ya chuma huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nukta hutobolewa kwa nyuma, kisha karatasi hugeuzwa na kusomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Babake mjomba, aliyeandika barua zake zote za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alimwona mwanawe aliyerudi likizo kutoka Irente akianza mstari upande wa kulia, akafurahi kupita kiasi, akasema kijana hakupotea. Siku niliyoomba kufundishwa, mjomba alichukua karatasi akatoboa neno moja, akaigeuza, akakishika kidole changu cha shahada. Nukta mbili zilizosimama. Nukta moja. Nukta mbili zilizosimama. Nukta moja. "Soma," akasema, akanisomea yeye: "Baba."

Yaliyofuata katika maisha ya Braille wengi wameyaandika. Alichapisha kitabu cha njia yake mwaka 1829, akawa mwalimu katika shule ileile, akapiga kinanda cha kanisa kwa sifa kubwa, na kwa muda, katika miaka ya 1840, uongozi mpya wa shule ukayakataza maandishi yake, na wanafunzi wakaendelea kuyatumia kwa siri. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka arobaini na mitatu, na miaka miwili kabla maandishi yake hayajakubaliwa rasmi katika nchi yake. Aliletwa kuzikwa Coupvray, karibu na babake.

Makaburi ya Coupvray ni madogo, nami niliyafikia alasiri, mawingu yakiwa yamekwisha kushuka. Juu ya kaburi pana chombo cha mawe, na ndani yake mikono. Nilisimama mbele yake peke yangu. Nilifurahi, sijui kwa haki gani, kwamba mikono haikupelekwa Paris. Mikono ile ilijifunza hapa, kabla ya Haüy na kabla ya Barbier, juu ya ubao wa misumari. Nikatia mkono ndani ya koti nikatoa karatasi ya mjomba, ambayo nilikuja nayo kutoka Tanga katikati ya mabamba mawili ya ubao mwembamba, nikafumba macho, nikaitafuta kwa kidole cha shahada. Nukta mbili. Moja. Mbili. Moja, ya mwisho imeanza kulala, lakini bado yashikika.

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya jiwe. Nikairudisha karatasi baina ya mabamba yake upesi, bila ya kuikunja, nikafunga vifungo vya koti, nikashika njia ya Esbly.